Nilimshtaki shemeji yangu kwa kuingia uani kwangu bila idhini, sasa ukoo unataka niondoe kesi

Mshauri wetu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mjane wa miaka 38, mama wa mabinti wawili, na ninaishi katika mtaa mmoja wa Kisauni hapa Mombasa. Naomba jina langu lisitajwe, kwa kuwa wanaohusika na jambo hili wanaisoma safu hii, na baadhi yao nitakaa nao jamvi moja harusini mwezi ujao.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Tuliishi katika nyumba ya vyumba vinne iliyojengwa juu ya kiwanja ambacho si chetu. Mwenye ardhi tunamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mtaani kwetu, na risiti zote zina jina la marehemu. Vyumba viwili vya nyuma alivijenga yeye kabla hatujaoana. Viwili vya mbele tuliviongeza pamoja, na humo niliingiza fedha za biashara yangu ya mahamri na viazi karai, ingawa sikuwahi kuweka karatasi yoyote ya kuthibitisha hilo. Vyumba hivyo vya mbele vimepangishwa, na kodi yake ndiyo inayolipa karo ya watoto.

Nilipomaliza eda, shemeji yangu alianza kuja mara kwa mara akisema kwamba nyumba ni ya nduguye na kwamba yeye pia ana haki humo. Yeye na marehemu walikuwa wawili tu kwa baba na mama, na baba yao alikwisha kutangulia. Sikumjibu vibaya. Asubuhi moja nilirudi kutoka kuwapeleka watoto madrasa nikamkuta uani pamoja na fundi na vijana wawili, wameshusha mawe na saruji, na wanachimba msingi wa chumba karibu na choo. Lango nililifunga kwa kufuli nilipotoka; kufuli hilo nililikuta chini, limevunjwa. Nilimwambia atoke, naye akanijibu kwamba anayepaswa kutoka ni mimi. Majirani walikuja wakamsihi, lakini aliendelea na kazi siku hiyo na siku iliyofuata.

Nilikwenda kituo cha polisi nikaandikisha taarifa na kupewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Nilichotaka, Mshauri, ni aonywe tu. Askari walimkamata jioni, akalala ndani, na kesho yake akafikishwa mahakamani kwa shtaka la kuingia katika ardhi ya watu bila idhini na kujenga humo. Alikana. Hakimu alimwachilia kwa dhamana ya shilingi 20,000 taslimu, na aliyeitoa ni mavyaa yangu, mama yao, kutokana na fedha alizokuwa akijiwekea ili akatibiwe macho. Tangu siku hiyo mavyaa hanisemeshi, hali yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua watoto wote wawili.

Sasa nimeletewa samansi ya kwenda kutoa ushahidi. Wazee wa ukoo walikaa wakaniita, na mmoja wao akanikumbusha kwamba ndugu wakigombana mtu huchukua jembe akalime, na wakipatana huchukua kapu akavune. Wanataka nikaiondoe kesi kabla ya siku ya kusikilizwa. Shemeji mwenyewe ametuma neno kwamba nikiiondoa ataacha kujenga. Jirani yangu, anayejiona mjuzi wa sheria, ananitisha kwamba nikiiondoa nitashtakiwa mimi kwa kuwadanganya polisi. Ndugu yangu aliyeko Malindi anasema nisithubutu. Nimwache afungwe akome, kwa kuwa hana haki hata ya kokoto moja katika nyumba ile. Rafiki yangu naye ananishauri siku hiyo nisiende popote, nikae kwangu, kesi ijifie yenyewe.

Kila mmoja anasema kwa uhakika, nami usingizi umenipotea. Sitaki ami wa watoto wangu afungwe. Wala sitaki kuamka siku moja nikute ukuta mbele ya mlango wangu. Kesi kama hizi kwa kawaida huishia wapi? Nifanye nini?

Mjane wa Kisauni

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Wa alaykum salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu wako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninaloliona ndani yake ni kwamba ulikwenda kituoni kutafuta mtu wa kumkemea shemeji yako, ukarudi na kesi ya jinai. Na sasa watu wanne wanakuvuta pande nne, kila mmoja akidhani kesi hiyo iko mkononi mwako kama kitu unachoweza kukiweka au kukitupa. Naomba nianzie hapo, kwa sababu huenda sehemu ya mzigo ulioubeba si yako.

Mtu akishashtakiwa mahakamani, kesi huwa ni ya Jamhuri dhidi yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 157, imeyaweka mashtaka ya jinai chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na wewe umebaki kuwa mlalamishi na shahidi. Unaweza kuomba kesi ikomeshwe, na ombi lako lina uzito, lakini anayelipeleka mbele ya hakimu ni kiongozi wa mashtaka, anayemwakilisha Mkurugenzi huyo mahakamani, na hakimu ndiye anayekubali au kukataa baada ya kuelezwa sababu. Wazee wakikuambia "nenda ukaiondoe," wanakudai jambo ambalo peke yako huwezi kulitimiza, na hilo una haki ya kuwaeleza kwa adabu bila ya kuonekana mkaidi.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo wengi hawaliulizi mpaka wamechelewa. Sheria inayohusika ni ile ya kuingia ardhi ya watu bila idhini, Sura ya 294 ya Sheria za Kenya. Kifungu chake cha 3 kinamtia makosani mtu anayeingia, anayebaki, anayejenga, anayelima au kulisha mifugo katika ardhi ya mtu binafsi bila idhini ya anayeikalia na bila sababu ya maana, na mzigo wa kuonyesha kwamba idhini au sababu hiyo ilikuwapo huangukia mshtakiwa. Hili si kosa kubwa kwa mizani ya sheria za jinai. Nyingi ya kesi hizi, hasa zinapokuwa baina ya jamaa au majirani, hazifiki hukumuni: pande mbili hupatana, mlalamishi huomba kujiondoa, au mashahidi huacha kuja na mshtakiwa akaachiliwa. Zikifika mwisho na mshtakiwa akatiwa hatiani, hakimu ana njia kadhaa kabla ya kulifikiria gereza, zikiwemo faini, kuachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, usimamizi wa afisa wa probesheni, au kazi ya huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 1998. Kwa hiyo picha aliyonayo ndugu yako wa Malindi, ya shemeji aliyefungwa akakoma, sidhani kama ndiyo inayokungoja. Wala picha waliyonayo wazee, ya kijana wao kuozea jela, siioni.

Niruhusu niliguse neno moja la ndugu yako, kwa kuwa nadhani hata wewe umelichukua kama lilivyo. Amesema shemeji hana haki hata ya kokoto moja. Kama nyote ni Waislamu, mirathi ya marehemu ina hesabu yake. Mke mwenye watoto hupata thumuni (moja ya nane), mabinti wawili hupata thuluthi mbili kwa pamoja, na mama wa marehemu hupata sudusi (moja ya sita). Tukigawa mali mafungu 24, wewe unapata 3, mabinti 16, mavyaa 4, na linabaki fungu 1. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume, na baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo fungu hilo lililobaki huenda kwa ndugu yake wa baba na mama, naye ni huyo huyo uliyemkuta uani. Hesabu kamili ataifanya kadhi baada ya kulipwa madeni, ikiwemo mahari yako kama ilibaki deni, na baada ya wasia kama upo. Hata hivyo naona ni vyema ulijue hili mapema kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wake.

Fungu moja katika 24 halimpi mtu ruhusa ya kuvunja kufuli na kuchimba msingi kabla mali haijagawanywa, na hapo nakuunga mkono bila kusita. Lakini fungu hilo ndilo atakalolishika mahakamani. Atasema aliingia katika mali ya nduguye ambayo naye ni mrithi wake, na kwamba hiyo ndiyo sababu yake ya maana. Hakimu anaweza kumkatalia akaona kwamba kuvunja kufuli mbele ya mjane anayekaa mle si njia ya kudai urithi. Anaweza pia kuona kwamba ugomvi huu ni wa mirathi uliovikwa nguo ya jinai, akamwachilia. Na hapa ndipo ninapokuogopea, kwa sababu mtu aliyeachiliwa katika kesi ya namna hii mara nyingi hurudi mtaani akitangaza kwamba mahakama imempa nyumba, hali mahakama haikuamua nyumba ni ya nani. Ilisema tu kwamba shtaka halikuthibitishwa. Kesi ya jinai haigawi vyumba wala haichori mpaka wa ua, hata ukiishinda.

Kuhusu jirani yako mjuzi wa sheria, usimpe usingizi wako. Kosa la kuwapa polisi taarifa za uongo ni la mtu aliyejua kwamba anasema uongo. Wewe ulisema ulichokiona, na majirani walikiona pia. Kuomba upatanisho baadaye hakugeuzi ukweli ule kuwa uongo. Kinachoweza kukuingiza matatani ni kitu kingine, ambacho wakati mwingine wazee hukiomba kwa nia njema: kwamba usimame kizimbani uape, kisha useme ulimruhusu kuingia. Hilo likitajwa kwako, likatae hata kama anayelitaja ni mtu unayemheshimu sana.

Na rafiki yako anayekuambia ukae nyumbani anakutakia mema, ila samansi ni amri ya mahakama, na shahidi aliyeipokea akakaidi anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Hata kama hayo hayatatokea na kesi ikafa kweli, itakufa bila neno lolote kuandikwa kuhusu msingi, kufuli, wala lango lako. Utakuwa umeipoteza nafasi ya kudai chochote huku ukoo ukikuhesabu kuwa ndiwe uliyeshindwa. Miongoni mwa njia zote ulizozitaja, hii ndiyo ninayoiona ina faida ndogo zaidi kwako.

Zimebaki njia mbili za kukomesha kesi kwa heri, ambazo watu huzichanganya kwa sababu zote huitwa "kuondoa kesi." Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura ya 75, katika kifungu cha 204, inamruhusu mlalamishi kujiondoa akimridhisha hakimu kwamba ana sababu za kutosha, hapo mshtakiwa huachiliwa kabisa, na hashtakiwi tena kwa tukio lile lile. Kifungu cha 176 ni mlango mwingine. Kinaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya kibinafsi, kwa masharti yanayoidhinishwa na hakimu, yakiwemo malipo ya fidia, kisha kesi ikasimamishwa au kufungwa. Tofauti yake kwako ni kubwa. Katika njia ya kwanza unatoa ulichonacho na kutumaini kwamba shemeji ataitimiza ahadi yake. Katika njia ya pili ahadi hutangulia, huandikwa, na husemwa mbele ya hakimu.

Tazama tena ujumbe aliokutumia. Ameahidi kuacha kujenga. Hakutaja kuufukia msingi uliochimbwa, hakutaja kufuli, wala hakusema kama ataingia uani kesho kwa ruhusa yako au kwa ruhusa yake mwenyewe. Huenda hakuyafikiria, maana naye yuko katika hofu; huenda aliyaacha kwa makusudi. Njia ya kujua ni kumwuliza kupitia wazee hao hao, na kulisikiliza jibu atakalotoa.

Wazee wenyewe siwapuuzi. Katiba, katika kifungu cha 159, inaitaka mahakama ihimize upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na ni kweli kwamba wao wataendelea kuwapo karibu na mabinti zako baada ya hakimu kulisahau jina lako. Ila yule mzee wa methali ya jembe ameitumia mahali si pake. Methali hiyo humwonya mtu wa nje asijitie katika ugomvi wa ndugu. Wewe si mtu wa nje, kwa kuwa uani palipochimbwa ndipo unapoanika nguo zako. Jambo la kuangalia ni kwamba baraza lile lote ni la ukoo wa mumeo. Sijaona katika barua yako kwamba palikuwa na mtu wako hata mmoja, na suluhu anayoitia sahihi mjane aliyekaa peke yake mbele ya wazee wa upande wa pili inaweza kuwa ya haki, na inaweza kuwa ya kuchoshwa. Je, ndugu yako wa Malindi angekubali kuja, si kwa ajili ya kugomba, bali kukaa tu kando yako?

Ukiamua kuendelea na kesi, hilo pia ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Umeona kwa macho yako kwamba tangu ashtakiwe ule msingi haujapanda, na mtu aliye nje kwa dhamana huwa na sababu ya kuchunga hatua zake. Akikufuata au kukutisha, mwarifu kiongozi wa mashtaka mara moja. Gharama yake ni muda, kwa kuwa kesi huahirishwa, na ni maswali makali utakayoulizwa kuhusu risiti zenye jina la marehemu. Gharama nyingine unaijua kuliko mimi, nayo inahusu mavyaa.

Nimemfikiria sana mama huyo. Katika hesabu niliyoitaja, yeye ana mafungu 4, mengi kuliko yako na kuliko ya mwanawe, lakini sioni popote kwamba kuna aliyemwuliza anataka nini. Pengine hasira yake si kwamba umemchagua adui, bali ni kwamba mtoto mmoja amemzika na wa pili amemwona nyuma ya vyuma. Sijui kama yuko tayari kuzungumza nawe sasa. Ukipata mtu wa kumfikishia neno, mwambie kwamba zile shilingi 20,000 si faini. Hurudishwa kwa aliyezitoa kesi ikiisha, maadamu mshtakiwa amehudhuria kila alipotakiwa, kwa hiyo aitunze risiti ya mahakama na asiikabidhi kwa mtu.

Kuna mtu mwingine ambaye nyote mmemsahau, naye ni mwenye kiwanja. Katika nyumba zetu hizi zisizo na ardhi, kuongeza chumba kipya kwa kawaida huhitaji ruhusa yake, na neno lake linaweza kumzuia fundi haraka kuliko amri yoyote. Mwendee kwa upole, na ukiwa huko uliza pia namna ya kubadilisha jina katika risiti za kodi. Nakuonya tu kwamba wapo wenye viwanja ambao wakisikia wapangaji wanagombana huona ni fursa ya kudai chao, kwa hiyo pima tabia yake kabla ya kumfungulia yote.

Sitakuamulia, dada yangu, kati ya kusimama kizimbani na kukaa jamvini na wazee, kwa sababu anayejua kama neno la shemeji huaminika ni wewe uliyeishi naye. Ninalokuomba ni kutoungoja mwisho wa kesi hii ndipo uanze kushughulikia mirathi. Mahakama ya Kadhi hapa Mombasa ndiyo yenye uwezo wa kusema fungu la nani ni lipi, na pia kusikiliza dai lako kwamba vyumba vya mbele vilijengwa kwa fedha zako, ambazo zikithibitika haziingii katika mali ya marehemu. Tafuta fundi aliyevijenga na duka lililowauzia mabati, kwa kuwa kumbukumbu za watu huchakaa. Andaa cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya mabinti na barua ya chifu. Kama wakili ni ghali, sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016 inawatambua watu wasio na uwezo, na shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria lina ofisi mjini hapa. Kisha, siku chache kabla ya tarehe iliyo katika samansi, nenda kwa kiongozi wa mashtaka ukiwa na nambari yako ya OB, umweleze kwamba ukoo unataka suluhu na masharti ambayo wewe ungeyakubali. Sheria ya ulinzi wa waathiriwa ya mwaka 2014 inakupa haki ya maoni yako kusikilizwa kabla uamuzi haujafanywa, na ni rahisi zaidi kuyasema ofisini kwake kuliko kuyanong'ona mlangoni mwa mahakama dakika tano kabla jina la shemeji yako halijaitwa.